Mzazi aliyezaa na mzazi aliyeasili: kwa nini kesi hizi huamuliwa na muda kuliko damu

#1 Mleta uzi

Ndugu wanajukwaa,

Kila inaposikika habari ya mzazi aliyemzaa mtoto kufikishana mahakamani na wazazi waliomwasili, yaani waliomchukua kisheria kuwa mtoto wao, wachangiaji hugawanyika mara moja. Wapo wanaosema damu ni nzito kuliko maji na hakuna karatasi inayoweza kuifuta, na wapo wanaosema mzazi ni yule aliyekesha na mtoto siku alipochemka homa. Nimekuwa nikizisoma hukumu za namna hii kutoka nchi mbalimbali, na kadiri ninavyozisoma ndivyo ninavyoona kwamba pande zote mbili zinabishania jambo ambalo mahakama mara nyingi hailifikii. Kinachoamua ni muda. Ridhaa ilitolewa saa ngapi baada ya uzazi, baba alijua lini kwamba ana mtoto, pingamizi liliwekwa lini, na mtoto alikuwa na umri gani siku hukumu ya mwisho iliposomwa. Ukiyajua hayo manne, mara nyingi unaweza kukisia mwisho wa kesi bila kuuliza nani anampenda mtoto zaidi.

Nianze na sheria, kwa ufupi. Mtoto anayelelewa na ndugu au na walezi wa kambo, yaani watu wanaomtunza kwa muda bila kumwasili, bado ni mtoto wa waliomzaa mbele ya sheria, hata kama hawajaonana naye kwa miaka. Amri ya kuasili ni kitu kingine kabisa: katika mifumo mingi hukata uhusiano wa awali na kuweka mwingine mahali pake, pamoja na jina, urithi na wajibu wa matunzo. Ipo mifumo isiyokata kabisa. Ufaransa, kwa mfano, ina aina mbili za kuasili, na mojawapo huacha uhusiano wa kwanza ukiendelea sambamba na ule mpya. Na nchi zinazofuata sheria ya Kiislamu hutumia kafala, ambamo mlezi humtunza mtoto bila kumbadilishia nasaba, utaratibu ambao Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unautambua kwa jina katika ibara ya 20. Lakini pale ambapo kuasili ni kukata moja kwa moja, sheria huweka ulinzi wake mkubwa mlangoni, kwa sababu inajua kwamba ukishaingia ndani ni vigumu kurudi.

Mlango huo ni ridhaa. Ibara ya 21 ya Mkataba wa 1989 inataka wahusika wawe wametoa ridhaa wakiwa na taarifa kamili na baada ya kupewa ushauri unaostahili. Mkataba wa Hague wa mwaka 1993, unaohusu kuasili watoto kutoka nchi moja kwenda nyingine, unasema ridhaa ya mama, pale inapohitajika, itolewe tu baada ya mtoto kuzaliwa, na kwamba ridhaa isiwe imepatikana kwa malipo. Mkataba wa Ulaya uliorekebishwa mwaka 2008 unaongeza kwamba ridhaa ya mama haina nguvu ikitolewa kabla ya wiki 6 tangu kujifungua. Wiki hizo zimewekwa makusudi: mama aliyejifungua juzi, aliyechoka, mwenye maumivu na pengine aliyeachwa peke yake, hapaswi kutia saini jambo la maisha yote akiwa bado kitandani.

Sasa tazameni kinachotokea mlango huo unapofunguliwa kwa haraka.

Mwezi Februari 1991, katika jimbo la Iowa nchini Marekani, mama mmoja alitia saini hati ya kumwachilia binti yake takriban saa 40 baada ya kumzaa, wakati sheria ya jimbo hilo ilitaka zipite saa 72. Juu ya hilo, alimtaja kuwa baba mwanamume ambaye hakuwa baba, na mwanamume huyo naye akatia saini. Mtoto akakabidhiwa kwa mume na mke kutoka Michigan. Haikupita hata miezi miwili, mama akamweleza ukweli baba halisi, naye akaenda mahakamani upesi. Vipimo vikathibitisha kwamba mtoto ni wake. Angalieni umri: mtoto alikuwa bado mchanga wa miezi michache, na kama jambo hilo lingemalizwa wakati huo, leo hakuna ambaye angelikumbuka.

Halikumalizwa. Mahakama ya Iowa iliagiza mtoto arudishwe mwezi Desemba 1991, akiwa na miezi 10. Waliotaka kumwasili wakakata rufaa na kupata ruhusa ya kukaa naye wakati rufaa inasubiri. Mahakama ya juu ya Iowa ikawakatalia mwezi Septemba 1992. Wakafungua shauri jipya Michigan, ambako walipata nafuu kwa muda, mpaka mahakama ya juu ya jimbo hilo nayo ilipowakatalia mwezi Julai 1993. Mwezi Agosti 1993 mtoto wa miaka miwili na nusu alitolewa katika nyumba pekee aliyoijua, akafungwa mkanda kwenye kiti cha watoto ndani ya gari, akilia, mbele ya kamera zilizojaa barabarani. Mahakama ya Iowa ilikuwa imesema wazi kwamba haiwezi kuanza kupima nani angemlea vizuri zaidi kabla haki za baba hazijaondolewa kwa njia za kisheria, na hazikuwa zimeondolewa.

Kesi ya Illinois ilikuwa kali zaidi. Mtoto wa kiume alizaliwa mwezi Machi 1991, na baba akaambiwa kwamba amefariki. Siku ya 57 ndipo alipojua kwamba mwanawe yu hai na yuko mikononi mwa watu wengine. Sheria ya jimbo ilimtaka baba aonyeshe kumjali mtoto ndani ya siku 30 za kwanza, na mahakama za chini zikamhesabia kwamba hakuonyesha. Mahakama ya juu ya Illinois ilibatilisha jambo hilo mwezi Juni 1994, kwa hoja ambayo sioni namna ya kuipinga: huwezi kumlaumu mtu kwa kutomjali mtoto aliyeambiwa amekufa. Hata hivyo mtoto alikabidhiwa kwa baba yake mwisho wa Aprili 1995, akiwa amepita miaka minne, na waliokuwa wakimpokea hakuwa amewahi kuishi nao hata siku moja.

Hoja yangu basi ni hii. Katika kesi zote mbili baba alikuwa na haki, na katika zote mbili utekelezaji wa haki hiyo ulimuumiza mtoto ambaye hakukosa lolote. Sidhani kwamba jibu ni kumnyima baba haki, wala sidhani kwamba jibu ni kuwabeza waliolea kama wezi wa mtoto, ingawa wale waliojua mapema kwamba baba anapinga na wakaendelea kukata rufaa kwa miaka siwezi kuwaondolea lawama zote. Wao ndio waliokuwa na uwezo wa kumrudisha mtoto akiwa na miezi mitatu, umri ambao angehama bila jeraha kubwa. Badala ya kuuliza mtoto ni wa nani, tungeuliza kwa nini jambo la wiki chache liliruhusiwa kuchukua miaka.

Karibuni tujadili.

#2 Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta uzi, nashukuru kwa maelezo, lakini naona hatari katika hoja yako. Ukisema muda ndio unaoamua, unampa silaha yeyote mwenye mtoto mkononi. Atakata rufaa, atabadili wakili, ataomba tarehe nyingine, na mwisho atasema: tazameni, mtoto ameshatuzoea. Kwa mantiki hiyo hata aliyeiba mtoto akimlea vizuri kwa miaka kumi anageuka kuwa mzazi.

Mfano wa Argentina tusiusahau. Chini ya utawala wa kijeshi wa mwaka 1976 hadi 1983, wanawake wajawazito walishikiliwa, wakajifungua kizuizini, kisha wakauawa, na watoto wao wakagawiwa kwa familia nyingine, baadhi zikiwa za wanajeshi wenyewe. Bibi za watoto hao walijikusanya mwaka 1977 wakaanza kuwatafuta wajukuu. Mwaka 1987 nchi ikaanzisha kwa sheria hifadhi ya taifa ya vinasaba ili damu ya bibi iweze kulinganishwa na ya mjukuu hata kama wazazi wa katikati hawapo. Zaidi ya wajukuu 130 wametambuliwa mpaka sasa, wengi wao wakiwa watu wazima. Je, hao nao tuwaambie kwamba muda umekwisha kuamua?

Na jambo la pili, ambalo huwa halisemwi. Mara nyingi anayetoa mtoto ni maskini na anayepokea ana uwezo. Mama anaambiwa kwamba mtoto atasoma, atakula, atapata maisha ambayo yeye hawezi kumpa. Hiyo ni ridhaa, au ni ufukara umetia saini kwa mkono wa mama?

#3 Mchangiaji wa pili

Mimi niliasiliwa nikiwa mdogo, na sasa ni mtu mzima mwenye watoto wangu, kwa hiyo naomba niseme machache kutoka upande ambao kwa kawaida hauulizwi.

Watu wazima wanapogombania mtoto huzungumza kana kwamba lazima moyo wake uwe na mlango mmoja. Wazazi walionilea ni wazazi wangu, na sijawahi kulitilia shaka jambo hilo. Wakati huohuo, siku niliporuhusiwa kusoma jalada langu nilitafuta jambo moja tu: iwapo aliyenizaa aliandika sababu. Kulikuwa na fomu yenye mistari minne iliyoachwa kwa ajili hiyo, na afisa aliyeijaza alikuwa ameandika neno moja, "binafsi", kisha mihuri miwili. Mistari mingine mitatu ilibaki mitupu. Nilikaa na ukurasa ule muda mrefu kuliko kurasa nyingine zote.

Ninachotaka kuwaambia wanaojadili ulezi ni kwamba kushinda kesi hakumalizi swali la mtoto. Mkataba wa 1989, ibara ya 7, unampa mtoto haki ya kuwajua wazazi wake kadiri inavyowezekana, na Mkataba wa Hague, ibara ya 30, unazitaka mamlaka zihifadhi taarifa za asili yake. Mzazi aliyeshinda akachoma picha na kukata mawasiliano ili mtoto atulie anajidanganya. Mtoto atatulia akiwa na miaka mitano, halafu atauliza akiwa na miaka kumi na tano, na atamuuliza yeye aliyechoma.

Kuhusu swali la ufukara, nakubaliana na mchangiaji aliyenitangulia kwa asilimia zote.

#4 Mchangiaji wa tatu

Nimefanya kazi ya uwakili katika mashauri ya familia, na ningependa kuongeza mambo ambayo nadhani yanauboresha mjadala.

Kwanza, tutofautishe hatua. Kabla ya ridhaa kutolewa au haki za mzazi kuondolewa na mahakama, mzazi aliyezaa ana kinga kubwa. Mahakama Kuu ya Marekani ilisema mwaka 1982 kwamba serikali haiwezi kumwondolea mzazi haki zake bila ushahidi ulio wazi na wa kushawishi, kiwango cha juu kuliko kile cha madai ya kawaida. Baada ya ridhaa lakini kabla ya amri, kinga hiyo hupungua: mzazi anaweza kuiondoa ridhaa yake ndani ya muda fulani, au akionyesha kwamba alidanganywa au alilazimishwa. Baada ya amri, mlango unakuwa karibu umefungwa. Watu wengi huja ofisini katika hatua hii ya tatu wakiwa na hoja nzuri sana za hatua ya kwanza.

Jinsi mlango huo unavyofungwa, Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ilionyesha mwaka 2009. Watoto watatu walikuwa wameondolewa kwa wazazi wao kwa sababu mmoja alikutwa na mivunjiko ya mifupa iliyodhaniwa kuwa imetokana na kupigwa. Wakaasiliwa mwaka 2005. Baadaye wataalamu wengine walitoa maelezo kwamba huenda mivunjiko ile ilitokana na ukosefu wa lishe. Wazazi walirudi mahakamani wakiomba amri za kuasili zifutwe, na majaji, huku wakikiri kwamba huenda familia hiyo ilitendewa isivyo haki, walikataa. Watoto walikuwa wameishi na familia zao mpya kwa miaka, na mahakama ikasema amri ya kuasili iliyotolewa kwa kufuata utaratibu haiwezi kufunguliwa isipokuwa kwa hali za kipekee mno. Niliposoma hukumu ile niliiweka chini kwanza. Kisheria inaeleweka; kwa mzazi hakuna lugha ya kumfariji.

Pili, si kweli kwamba mahakama humpendelea mzazi wa damu siku zote. Mwaka 1969, mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, ambayo wakati huo ilikuwa ndani ya Bunge la Malodi, iliamua kesi ya mvulana wa takriban miaka kumi ambaye wazazi wake walikuwa Wahispania. Alizaliwa Uingereza, akalelewa na familia ya Kiingereza kwa sababu ya ugonjwa na hali ngumu ya wazazi, akapelekwa Hispania kwa miezi 17, afya yake ikazorota, akarudishwa. Wazazi hawakuwa na doa lolote. Hata hivyo mahakama ilimwacha kwa walezi, ikisema kwamba haki za wazazi ni jambo moja kati ya mengi, na kwamba ustawi wa mtoto ndio unaotawala yote.

Tatu, muda unaoundwa na serikali yenyewe unaweza kuigeukia. Mwezi Septemba 2019, Baraza Kuu la Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya lilikuta kwamba Norway ilivunja haki ya maisha ya familia ya mama mmoja na mwanawe. Mtoto alichukuliwa akiwa mchanga, mama akapewa nafasi chache sana za kumwona tena chini ya uangalizi, kisha kukosekana kwa ukaribu kati yao kukatumika kuwa sababu ya kuruhusu walezi wa kambo wamwasili bila ridhaa yake. Mahakama pia haikuridhishwa na uamuzi kufanywa bila tathmini mpya ya uwezo wa mama. Kwa maneno mengine, huwezi kumzuia mzazi asimzoee mwanawe kisha ukamhukumu kwa kutomzoea.

#5 Mleta uzi

Nawashukuru nyote. Nijibu kwa mpangilio niliouona una uzito, si kwa zamu.

Hoja ya Argentina naikubali, na inanilazimu niseme bayana jambo ambalo sikulisema mwanzoni. Muda hauhalalishi uhalifu. Mtoto aliyeporwa ameporwa hata baada ya miaka thelathini. Utambulisho wake ni wake, na waliomchukua wakijua ukweli wanastahili kushitakiwa. Lakini tazameni kilichofanyika huko kwa wajukuu waliopatikana wakiwa watu wazima: hawakubebwa kwenye gari na kukabidhiwa. Walirudishiwa jina, historia na ndugu, kisha wao wenyewe wakaamua waishi vipi na nani. Kurudisha ukweli na kuhamisha mtoto ni mambo mawili. Ukweli unarudishwa wakati wowote, tena unapaswa kurudishwa. Kuhamisha kunategemea aliye mbele yako ana umri gani na ameshikamana na nani.

Kuhusu kushikamana, nisieleweke kwamba nazungumzia mapenzi ya juu juu. Mwaka 1973, Joseph Goldstein, Anna Freud na Albert Solnit, mwanasheria mmoja na wataalamu wawili wa saikolojia ya watoto, walitoa hoja kwamba mtoto hana kipimo cha damu. Anamtambua mzazi katika mtu anayemlisha, anayemtuliza na anayekuwepo kila siku. Walisisitiza pia jambo ambalo wanasheria hulisahau: hesabu ya muda ya mtoto si yetu. Miezi sita ya kuahirisha kesi, ambayo kwa wakili ni ratiba ya kawaida, kwa mtoto wa mwaka mmoja ni nusu ya maisha yake. Kazi yao imekosolewa, na kwa haki, kwa kutaka mzazi asiyeishi na mtoto akatwe kabisa, hata kuonana kuwe kwa hiari ya anayelea. Simulizi ya mchangiaji wa pili inaonyesha ubaya wa wazo hilo. Lakini kuhusu muda nadhani walikuwa sahihi.

Hofu ya mchangiaji wa kwanza, kwamba mwenye mtoto atachelewesha makusudi, ndiyo hasa inayonifanya nisisitize kasi. Dawa yake si kuipuuza athari ya muda, kwa sababu mtoto hataacha kushikamana eti kwa kuwa wakili alifanya hila. Dawa ni mashauri haya kupewa kipaumbele kuliko mashauri mengine yote ya madai, rufaa ziwe na ukomo wa wiki badala ya miaka, na zaidi ya yote, mzazi anayepinga apewe kumwona mtoto tangu wiki ya kwanza ya pingamizi, hata kama ni saa chache mbele ya afisa ustawi wa jamii. Kama baba wa Iowa angekuwa akionana na binti yake kila wiki tangu alipofungua shauri, siku ya kukabidhiwa isingekuwa siku ya mtoto kutupwa kwa wageni.

Mfano wa kinyume ni ule wa msichana aliyezaliwa Oklahoma mwaka 2009 na kuchukuliwa na mume na mke wa South Carolina. Baba yake, raia wa taifa la Cherokee, alipata taarifa ya kuasiliwa kwake miezi minne baada ya kuzaliwa, siku chache kabla ya kupelekwa Iraki na jeshi. Alitia saini hati bila kuelewa vizuri inahusu nini, kisha akapinga mara moja. Mahakama za South Carolina zilimpa mtoto kwa kutumia sheria ya mwaka 1978 inayowalinda watoto wa Wahindi Wekundu wasitolewe ovyo nje ya jamii zao, na akamchukua siku ya mwisho ya mwaka 2011, mtoto akiwa na miezi 27. Juni 2013, Mahakama Kuu ya Marekani, kwa kura 5 dhidi ya 4, ikasema vifungu hivyo havimlindi baba ambaye hajawahi kuwa na mtoto mikononi. Septemba mwaka huohuo msichana akarudishwa kwa wale wa South Carolina. Amehamishwa mara mbili kabla ya kuanza shule, kila mara na watu waliompenda kweli. Mkiniuliza ipi kati ya hukumu hizo ilikuwa sahihi nitawaambia kwamba ya kwanza ingetosha kama ingetolewa akiwa na miezi sita.

Ufukara: hapa sina cha kupunguza. Umaskini pekee haupaswi kuwa sababu ya kumtenganisha mtoto na mzazi, na afisa anayepokea ridhaa bila kwanza kumweleza mama msaada anaoweza kupata akibaki na mwanawe hajatoa ushauri unaotajwa na ibara ya 21. Mimi ningekwenda mbali zaidi: hati ya ridhaa iwe na sehemu ya kuandika msaada gani ulitolewa, lini, na mama alijibu nini. Sehemu hiyo ikiwa tupu, hati isipokelewe mahakamani. Na sehemu ya sababu aandike mama mwenyewe kwa maneno yake, isiwe afisa na neno lake moja.

Kuna mtu amenikumbusha pembeni hukumu ya Suleimani. Pale mwanamke mmoja alikuwa anadanganya. Katika kesi nyingi tunazozijadili hapa pande zote mbili zinasema kweli, na upanga hausaidii kitu.

#6 Mchangiaji wa nne

Ndugu mleta uzi, na ndugu wakili hapo juu, naomba swali la kiutendaji. Mtu akijua leo kwamba mtoto wake ametolewa kwa familia nyingine bila yeye kushirikishwa, afanye nini? Na aliyepokea mtoto kwa nia njema, kisha akaletewa barua ya pingamizi, naye afanye nini?

#7 Mchangiaji wa tatu

Kwa wa kwanza: aweke pingamizi kwa maandishi leo, si baada ya kikao cha ukoo. Asitegemee ahadi za mdomo kwamba "tutaongea". Mwaka 1983 Mahakama Kuu ya Marekani ilimkatalia baba ambaye hakuwa amejiandikisha katika daftari la akina baba lililokuwepo jimbo la New York. Kosa lake, machoni pa mahakama, lilikuwa kutotumia njia rahisi iliyokuwepo ya kujitambulisha. Sehemu zenye daftari kama hilo, ajiandikishe. Aombe kipimo cha vinasaba kwa amri ya mahakama. Katika ombi lilelile aombe amri ya muda ya kumwona mtoto, na akipewa, asikose hata siku moja, kwa sababu kila asipokwenda kutaandikwa. Aanze kuchangia matunzo hata kabla hajaamriwa, na atunze stakabadhi. Asimfuate mtoto nyumbani wala kumchukua kwa nguvu. Nimeona haki nzuri zikipotea kwa jioni moja ya hasira.

#8 Mleta uzi

Kwa wa pili, nitajibu mimi, ingawa jibu ni chungu. Barua ikifika mtoto akiwa na wiki au miezi michache, na ushahidi ukaonyesha kwamba ridhaa ilikuwa na kasoro au baba hakuambiwa, ushauri wa kweli ni kukubali mapema na kuomba makabidhiano ya hatua kwa hatua: wiki za kutembeleana, kisha kulala siku moja, kisha mbili, huku waliomlea wakiandika mtoto analala saa ngapi, anatulizwa vipi akilia usiku, kitambaa gani hawezi kulala bila kukishika. Waombe pia waruhusiwe kumtembelea baadaye, na wazazi waliomzaa wasilione ombi hilo kuwa uvamizi.

Kama mtoto ameshakuwa mkubwa, hesabu inageuka. Hapo atakayepokea barua ana haki ya kuomba mtoto abaki, lakini aombe hilo pamoja na mpango ulioandikwa wa mtoto kuwajua waliomzaa, kwa majina, kwa picha na kwa kuonana. Na mtoto mwenyewe asikilizwe kwa kadiri ya umri na upeo wake, kama ibara ya 12 ya Mkataba wa 1989 inavyotaka, na asikilizwe na mtu ambaye hajalipwa na upande wowote. Asiulizwe anampenda nani zaidi. Aulizwe anaogopa nini, na nini angependa kisibadilike.